Mvua Niliyomwahidi Baba

Novemba ya mwaka jana ilifika katikati bila tone la mvua, na baba akaanza kuniuliza swali moja kila asubuhi. Aliuliza akiwa bado anasukutua mdomo nje ya nyumba, kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Hiki kiangazi kinaisha au kinaendelea?"

Nyumbani tunazungumza Kisukuma. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili anasikika mpole kuliko alivyo. Kwa Kisukuma swali lile lilikuwa fupi, na halikuacha nafasi ya kujibu kwamba inategemea.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Lagangabilili, baada ya kumaliza shahada ya takwimu. Nilituma maombi ya kazi kwa simu na kusubiri. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwenda mnadani mmoja mmoja, kila muhula ulipofunguliwa, mpaka wakabaki maksai wawili: mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, na mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Hao ndio waliovuta plau kwenye shamba la pamba, la mahindi, na majaruba mawili ya mpunga kule bondeni. Bila hao tungebaki na jembe la mkono, baba, mama na mimi, na eneo ambalo watu watatu wanaweza kulima kwa mkono kabla msimu haujapita halilishi nyumba mwaka mzima. Kulijua hilo hakuhitaji shahada.

Baba mdogo, anayeishi ng'ambo ya barabara, alikuwa na namna yake ya kulisema. "Kaka yangu alipeleka ng'ombe chuoni," aliwaambia watu pale kisimani. "Wamesoma, wamehitimu, wamerudi na simu."

Watu walicheka. Nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu mtu akinuna hapo ndipo utani unapoota mizizi.

Lakini baba mdogo hakuwa mtu wa utani tu. Jioni moja alikuja kwetu, akakaa kwenye kigoda, akakataa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ambayo mama alimwekea, na kusema alilojia. Yeye alikuwa anauza ng'ombe wake wote watano mnada wa wiki ile. Bado walikuwa na nyama. Baada ya mwezi wangekuwa mifupa na hakuna mnunuzi ambaye angewatazama.

"Uza na wewe," alimwambia baba. "Ikinyesha utanunua wengine."

"Ikinyesha kila mtu atataka maksai," baba alisema. "Nitanunua kwa nani?"

"Basi utakodi."

"Nikodi nipewe zamu ya mwisho, nilime wenzangu wakipalilia?"

"Ukibaki na ngozi mbili juani utalima na nini?"

Baba alinigeukia mimi, mbele ya mdogo wake na mbele ya mama, akaniuliza kama alivyoniuliza kila asubuhi, ila sasa nilijua jibu langu lilikuwa na uzito. Kama kiangazi kilikuwa karibu kuisha, kuuza ulikuwa ujinga. Kama kilikuwa kinaendelea mpaka Krismasi, kutouza ulikuwa ujinga zaidi. Niliomba siku tatu.

Lazima nieleze kuhusu ngitili, kwa sababu kila kitu kilisimama juu yake. Ni kipande cha malisho ambacho mtu hukitenga wakati wa masika, hakilishwi, nyasi zinakua na kukauka zikiwa zimesimama, ili ziliwe kiangazi kinapokuwa kikali. Yetu ilikuwa ndogo, imezungushiwa minyaa, na baba alikuwa ameilisha kwa ubahili tangu Septemba. Maksai waliingia asubuhi, wakatolewa jua likiwa kali, wakapelekwa lamboni. Nilipima kwa macho, kisha kwa hatua. Kwa maksai wawili tu, nyasi zilizobaki zingefika mwisho wa Desemba.

Siku zangu tatu nilizitumia hivi. Siku ya kwanza niliwakalisha baba na mama na daftari, nikawauliza mvua zilianza lini kila mwaka wanaoukumbuka. Hawakuwa na tarehe. Walikuwa na mwaka aliozaliwa kaka yangu, mwaka bei ya pamba ilipoanguka, mwaka paa la kanisa lilipoezuliwa na upepo. Nilijaza kurasa mbili. Kila mvua iliyochelewa, ilichelewa kisha ikaja. Nilifurahi mpaka nilipoona kasoro. Walikuwa wanakumbuka miaka ambayo kungoja kulilipa. Ile ambayo kungoja hakukulipa walikuwa wameikusanya yote katika fungu moja, wakaiita miaka ya njaa, na hakuna aliyeweza kuniambia mwaka mmoja ulianzia wapi na mwingine uliishia wapi.

Siku ya pili nilikwenda Lagangabilili kumwona afisa ugani, mtu wa Lushoto aliyehamishiwa kwetu, ambaye bado alivaa sweta asubuhi kwa mazoea ya milimani. Ofisi yake ilikuwa mpya na ilinuka rangi. Alinionyesha karatasi ya utabiri wa msimu: mvua za wastani hadi chini ya wastani, zikitarajiwa kuchelewa katika baadhi ya maeneo.

"Hii ina maana gani kwa mtu mwenye maksai wawili?" nilimuuliza.

"Ina maana apande mtama wa muda mfupi."

"Sijauliza mbegu, kaka. Nimeuliza awauze au asiwauze."

Alivua miwani. "Dada yangu, wewe umesoma takwimu. Unataka mimi nikuambie uongo ambao wewe mwenyewe unaogopa kuusema?"

Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, na nusu ya hasira ilikuwa kwamba hakukosea.

Siku ya tatu nilikaa na simu. Programu tatu za hali ya hewa zilinipa majibu matatu. Moja ilionyesha wingu lenye matone siku ya tisa, nyingine siku ya kumi na mbili, ya tatu jua tupu. Najua namna utabiri wa siku kumi na mbili unavyotengenezwa. Najua kwamba kwa ardhi kama yetu ni karibu sawa na kurusha shilingi. Shahada yangu yote, ukiikamua, inatoa sentensi moja: hatujui, ila tunaweza kukadiria kiasi cha kutojua kwetu.

Jioni ile nilimwambia baba sentensi hiyo. Nilimweleza kwamba kuna uwezekano wa huku na uwezekano wa kule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi ambaye sikusoma nilijua inaweza kunyesha au isinyeshe."

Mama alicheka kidogo, akajizuia. Sikuweza kuvumilia kicheko kile kidogo. Kwenye zizi lililokuwa na ng'ombe wengi palikuwa na wawili, na kilichopatikana badala ya wale wengine ni mimi, niliyekaa mbele yao nikitoa jibu ambalo hata jirani angeweza kulitoa bure.

"Msiuze," nilisema. "Ndani ya wiki mbili itanyesha."

Baba alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo aliokuwa akiungoja. Hakuniuliza nimejuaje. Nimelifikiria sana hilo. Mimi huhoji kila kitu, hata dawa ninayopewa zahanati, na nilimpa baba yangu jibu ambalo lingeanguka kwa swali moja tu. Hakuliuliza. Aliamini kwamba kuuliza maswali ni kazi ambayo aliniuzia ng'ombe ili niifanye kwa niaba yake.

Baba mdogo aliuza wake watano. Sisi tulibaki.

Ilinyesha siku ya kumi na moja.

Ilianza saa tisa alasiri, kutoka upande wa Bariadi, upepo wa vumbi kwanza, halafu matone makubwa yaliyotoboa vumbi kama vidole. Ilinyesha kama saa moja na nusu. Mama alitoa ndoo, sufuria, beseni, hata kibuyu kilichopasuka. Baba alisimama katikati ya uwanja akilowa na shati lake la kanisani, na sikumbuki kumwona tena akiwa na furaha kama ile. Jirani mmoja alipita anakimbia, akanipigia kwa kelele salamu ya alasiri, "Mwadila, mtabiri!" Kufikia kesho yake kijiji kizima kiliniita mtabiri. Wanawake wawili walikuja kuniuliza kama mvua itafika na kule Sola, walikoolewa dada zao. Baba mdogo aliwekwa katikati kisimani akataniwa mpaka akaondoka na ndoo haijajaa.

Ningeweza kusema hapo kwamba sikujua lolote. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna anayemkasirikia aliyebahatisha akapatia. Sikusema. Niliitika.

Kijijini kwetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote. Wakati wa kiangazi ngitili ni ya mwenyewe, na hakuna atakayekulaumu ukiifunga. Lakini mvua ya kwanza ikishanyesha, nyasi za zamani zinahesabiwa kuwa zimemaliza kazi yake, na mwenye nazo huwafungulia majirani wasio na kitu, wapitishe mifugo yao siku chache mpaka majani mapya yasimame. Anayefunga baada ya mvua ya kwanza anakumbukwa. Msibani kwake watu hufika wamechelewa.

Siku ya pili baada ya mvua majirani wanne walikuja asubuhi. "Mwangaluka," walisalimia, wakaketi, wakazungumza habari za mbegu. Hawakuomba. Hakuna anayeomba. Baba alinitazama mimi.

"Mvua imeanza?" aliuliza.

Kilichohitajika ni neno moja tu. Kama ningesema ile si mvua ya msimu bado, angewaambia mwanangu anasema tungoje, nao wangeondoka wakinung'unika juu yangu, si juu yake. Lakini nilikuwa mtabiri. Ninaona aibu kuandika kwamba jina lile, lililotolewa kwa mzaha na mtu anayekimbia mvua, lilinilevya kuliko cheti nilichovalia joho.

"Imeanza," nilisema.

Baba alichukua panga, akakata tawi la minyaa pale kwenye pengo, na ng'ombe wa nyumba tano, zao nne na yetu, wakaingia. Siku ya tisa ngitili ilikuwa uwanja.

Mvua haikurudi.

Kilichofuata watu wa mjini hawakielewi, kwa hiyo nitakieleza pole pole. Mvua moja kama ile huotesha majani mafupi sana, urefu wa kucha. Kwa mbali nchi yote inaonekana ya kijani. Ng'ombe mwenye njaa akiyaona hali kitu kingine. Anatembea kutwa akiyafuata, kwa kila hatua anapata ulimi mmoja wa majani yenye maji tupu, na jioni anarudi akiharisha, amepoteza zaidi ya alichokula. Wanaokaa upande wa Mwanhuzi, kwenye ukame kuliko kwetu, huwafungia ng'ombe wao zizini siku hizo na kuwapa nyasi kavu. Sisi tulikuwa hatuna tena nyasi kavu. Baada ya wiki moja hata yale mafupi yalikauka, lakini maksai wetu waliendelea kuyatafuta, pua chini, wakilamba udongo.

Tulijaribu mashudu ya pamba. Kila mtu aliyataka na hayakupatikana. Mama alikata majani ya mikuyu kule korongoni, akayabeba kichwani. Baba akawa hasemi chochote ila majina ya miti: huu wanakula, huu hawali, huu walikula zamani.

Katikati ya Desemba mwekundu alilala na hakuweza kuinuka.

Ng'ombe aliyedhoofu hulala vizuri tu jioni. Ni asubuhi ndipo miguu ya nyuma inakataa. Akiachwa chini siku nzima, anakufa. Kwa hiyo kila alfajiri majirani huzunguka zizi kwa zizi wakiinuana mifugo. Tulipitisha magogo mawili chini ya tumbo lake, watu sita pembeni, baba kwenye mkia, na sauti moja ikatuhesabia. Akiwa juu, mmoja anamshikilia ubavu mpaka atetemeke, atulie, ajisaidie, apige hatua. Ubavu wake ulikuwa wa moto na mbavu zake zilihesabika kwa kiganja. Siku ya kwanza walikuja watu sita. Siku ya tatu watano. Siku ya nne walikuja watatu, kwa sababu kila mtu alikuwa na wake wa kuinua, na baba mdogo alikuwa mmoja wa watatu hao ingawa yeye zizi lake lilikuwa tupu. Hakutania. Alishika gogo upande mzito.

"Akilala kesho," alisema tulipomaliza, "msiniite. Chinjeni."

Alilala kesho yake. Baba alimchinja mwenyewe. Nyama ilikuwa nyembamba, ya rangi ya zambarau, na ilichemka kutwa bila kuiva.

Akabaki mweusi. Maksai mmoja havuti plau yetu, lakini jirani mmoja naye alikuwa amebakiwa na mmoja, na baba alianza kusema kwamba wangeweza kufungwa nira moja, wakafundishwa, ikinyesha. Alipanga hata siku za nani na siku za nani. Mweusi aliinuliwa asubuhi tisa. Kila asubuhi nilishika ubavu wake mimi, kwa sababu baba alisema amenizoea, na kila asubuhi nilitazama mawingu juu ya mgongo wake. Swali la baba lilikuwa limekoma. Nilikuwa nimelichukia swali lile, na sasa nilichukia ukimya wake.

Mvua ya kweli ilikuja siku mbili kabla ya mwaka mpya. Ilianza alfajiri, bila upepo, ikanyesha pole pole mpaka mchana, ile mvua nzuri ambayo ardhi inainywa yote. Ilikuwa baridi. Nilikuwa sijui, na baba alikuwa anajua, kwamba ng'ombe aliyekwisha mafuta hawezi kuvumilia baridi ya mvua ya kwanza. Alitoka mbio na turubai la kuanikia pamba, akamfunika. Mama alileta blanketi la kitanda chao. Tukakaa pale zizini sisi watatu kwenye matope, baba akimsugua shingo, mimi nikimsugua mapaja kwa gunia, na maji ya msimu tuliyoyangoja yakitiririka chini ya tumbo lake. Alitetemeka kwa muda mrefu. Karibu saa nne aliacha kutetemeka, na kwa ujinga wangu nilidhani amepata joto.

"Acha kusugua," baba alisema.

Mvua iliendelea kunyesha. Majirani walikuwa tayari mashambani. Tulisikia wakiwapigia maksai wao miluzi. Yule jirani wa nira alikuja, akasimama mlangoni mwa zizi na kofia ya mfuko wa nailoni kichwani, akaona, akarudi.

Baba alinena jambo moja tu kuhusu maneno yangu, na alilinena wiki moja baadaye, tukiwa shambani na majembe ya mkono, watatu kwenye mstari. "Ulisema wiki mbili," alisema, bila kusimamisha jembe. "Na kweli ilinyesha ndani ya wiki mbili."

Nilimtazama nione kama ni kejeli. Haikuwa. Alikuwa ananitetea, mbele ya nani sijui, labda mbele yake mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba nilibahatisha, kwamba nilisema kwa sababu ya kicheko cha mama, na mara ya pili kwa sababu ya jina. Nilifungua mdomo, nikaona mgongo wa shati lake umeloa jasho na mstari aliobakiza kulima, nikafikiri ukweli huo ungemsaidia nani. Nikaendelea kulima. Bado sijui kama huo ulikuwa upendo au woga mwingine.

Tulilima robo ya shamba. Pamba hatukupanda kabisa. Tulipanda mtama wa muda mfupi wa yule afisa ugani, mahindi kidogo, na viazi.

Sasa ni Februari, na mvua imekatika tena. Leo ni siku ya kumi na nane. Mahindi yanakunja majani mchana na kuyakunjua jioni, na kila jioni yanayakunjua kwa shida zaidi kidogo. Jana alasiri mwanamke wa nyumba ya tatu alikuja na mwanawe mgongoni. Ana mbegu ya choroko iliyobaki, kibaba kimoja tu, na hajui aiweke ardhini sasa au aipike. Alipita kwa mama, akapita kwa baba, akaja mpaka nilipokuwa naosha vyombo.

"Mayu, wewe ndiye uliyesema ile ya kwanza," alisema, akiniita mama kwa heshima. "Hiki kiangazi kitaendelea?"

Kabla sijainua kichwa baba alijibu kutoka kivulini, alikokuwa akinoa jembe.

"Huyo hajui," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mgeni kwamba fulani hali samaki. Yule mwanamke alinitazama akingoja nikatae.

"Sijui," nilisema.

Alisimama kidogo, akapanga upya mtoto mgongoni. Kisha akauliza kama tuna chumvi, mama akampa, akaenda zake kuipika choroko.